CHAANI NA MAJI YAKE
(Maneno waliyoambiwa wanachama huku Changamwe)



Tumetakiwa kusema machache juu ya mji huu tunaolala na kuamka. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi kina shauri gani na habari za kale? Je, kazi yetu si mishahara na saa za kazi? Jibu letu ni hili: mahali pasipojulikana habari zake huhesabiwa kuwa uwanja mtupu, na uwanja mtupu hupimwa bila ya wenyewe kuulizwa.

Tuanze na maji. Mkono wa bahari ulio chini yetu huitwa Port Reitz. Mwaka 1824 Wamazrui wa Mombasa, wakimhofu Seyyid Said wa Oman, walitaka bendera ya Waingereza. Kapteni Owen akamweka Luteni Reitz kuwa mkuu wa mji. Kijana yule alikufa kwa homa mwaka ule ule, na mwaka 1826 bendera yenyewe ikateremshwa. Ulinzi ukaisha, jina likabaki.

Lakini watu walikuwako kabla yake. Katika Taifa Tatu za Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana, wamo Wachangamwe. Na jirani zetu Wajomvu ni katika Taifa Tisa. Basi asituambie mtu kwamba bara hii ilikuwa pori mpaka reli ilipofika.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na njia yake ikapita hapa Changamwe. Siku zile meli zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ikaletwa pwani kwa matishari, kisha ikapanda migongoni mwa makuli. Gati za maji marefu za Kilindini zilianza kutumika katika miaka ya 1920. Kazi ikaongezeka, watu wakaja kutoka kila upande wa nchi. Lakini nyumba hazikuongezeka kama watu. Kibarua alipata ujira wa siku, naye akalipa kodi ya mwezi.

Hapo ndipo shida ilipozaa umoja. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa moja ya malalamiko yao makubwa. Tarehe 13 Januari 1947 wakagoma tena, watu 15,000 hivi, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, kwa siku 12. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Serikali ikamweka Hakimu Thacker kulitazama shauri lao, na mishahara ya wengi ikaongezwa. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Baringo, mbali na bahari. Mwaka 1955 watu wa bandari waligoma tena, na Tom Mboya akaja kusaidia mapatano.

Tunayasema haya kwa sababu nyumba za wafanyakazi zilizojengwa Changamwe katika miaka ya 1950 hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitoka katika malalamiko hayo. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi, na Chaani ikazidi kujaa watu wa shifti: mmoja arudi alfajiri, mwenzake atoke, mama akaange mahamri na viazi karai mlangoni kwa ajili ya wote wawili. Na chini kwenye mikoko mvuvi ashughulike na kamba na kaa wake.

Leo mambo yamegeuka. Kontena limefanya kazi ya migongo mingi. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kikabaki na matangi ya kuwekea. Reli mpya ilipoanza mwaka 2017, na amri ya mwaka 2019 ikataka makontena yapande reli, aliyeumia hakuwa dereva wa lori peke yake. Waliumia pia muuza chakula, fundi wa magurudumu na mwenye chumba cha kupangisha. Watu wa Mombasa waliandamana, na mwaka 2022 waagizaji wakarudishiwa hiari ya kuchagua njia. Barabara ya Dongo Kundu nayo imevuka maji ya Mwache na Mteza. Sisi hatupingi barabara wala gati. Twauliza tu: faida itagawanywaje, na nani ataulizwa kabla ya kupima?

Kwa hiyo twawashauri mambo matatu. Kwanza, wengi wetu hapa Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta ni zetu, kiwanja ni cha mwingine. Kila mmoja aweke vizuri risiti za kodi ya kiwanja na barua zake. Siku ya shauri, karatasi moja yashinda mashahidi kumi. Pili, tuandike majina ya njia za kushukia pwani na bandari ndogo za wavuvi, na nani amezitumia tangu lini. Njia isiyo na jina huzibwa kwa ukuta mmoja. Tatu, wazee waliobeba magunia Kilindini wangali pamoja nasi, lakini si wengi. Vijana waliosoma wakae nao, waandike kazi ilivyokuwa, ujira ulivyokuwa, na nani alikataa kurudi kazini wenzake walipokuwa wamesimama.

Ndugu, Luteni alikaa miezi michache tu, na jina lake li katika kila ramani. Waliobeba mizigo ya nchi nzima kwa miaka mingi majina yao hayamo. Ramani hatutaichora sisi, lakini daftari na kalamu tunavyo. Tuanze katika mkutano ujao, kila tawi na daftari lake.