Mkono wa 21

Makamanda, kuna riwaya ya Mmarekani Ken Kesey ya mwaka 1962, One Flew Over the Cuckoo's Nest. Wodi ya wagonjwa wa akili, Oregon, chini ya Nesi Ratched. McMurphy anaitisha kura: tuangalie besiboli kwenye TV? Mikono 20. Nesi anasema haitoshi, wodi ina watu 40. Ndipo Chifu Bromden, aliyejifanya bubu na kiziwi miaka yote, ananyoosha wa 21. Nesi anajibu kikao kimeshafungwa, anazima TV. Wenyewe wanakaa mbele ya kioo kitupu, wanakitazama hivyo hivyo! Na ule ukungu uliokuwa ukimfunika Bromden unaondoka.

Jamani, wengi wao hawakuletwa kwa nguvu. Ruhusa ya kuondoka walikuwa nayo. Woga ndio uliowabakisha.