Omba Hati, Usiulize Swali: Kuandika Ombi la Kumbukumbu za Serikali Chini ya Sheria ya 2016



Haki ya Mkenya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali haina ubishi. Imo katika Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, na Bunge likaitungia Sheria ya Upatikanaji wa Habari mwaka 2016. Sitakula muda wenu kuisifu. Katika semina hii nataka tuzungumze kuhusu barua, kwa sababu maombi mengi ninayoletewa niyapitie kabla hayajafika ofisini yangekwama hata kama afisa angekuwa malaika. Hayaombi kitu.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wadi kinachoandika hivi: "Tunataka kujua kwa nini zahanati yetu haijakamilika na pesa zilikwenda wapi." Uchungu wao ni wa haki. Lakini hilo ni swali, na swali hujibiwa kwa maneno. Afisa ataandika kwamba mradi unaendelea, kwamba kaunti inawajali wananchi wake, na kwamba muwe na subira. Ameshajibu, nanyi hamna pa kumshika. Sheria inakupa haki ya kupata habari iliyoko, ile iliyohifadhiwa na ofisi katika faili au kompyuta. Haimlazimu mtu akutungie maelezo. Kwa hiyo omba hati, tena hati ambayo unajua haina budi kuwepo.

Utajuaje kwamba ipo? Hapa ndipo penye kazi, na ndipo tunapopaona pagumu bure. Mradi wa kaunti huacha karatasi kila hatua. Kabla ya msingi kuchimbwa, umetajwa katika mpango wa maendeleo wa mwaka, umetengewa fungu kwenye bajeti, umeingizwa katika mpango wa ununuzi. Kisha tenda hutangazwa, zabuni hufunguliwa na kutathminiwa, mshindi huandikiwa barua, mkataba hutiwa saini. Ndani ya mkataba wa ujenzi mna BQ, ile orodha ya kila kazi, kipimo chake na bei yake, hadi unene wa sakafu na aina ya mabati. Kabla mkandarasi hajalipwa, kamati ya ukaguzi na mapokezi hutia saini kwamba kazi imefanyika, ndipo vocha ya malipo huandikwa. Tena Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kumbukumbu za tenda zihifadhiwe kwa miaka 6 angalau tangu mkataba ukamilike. Ofisi ikisema haina karatasi hizo, imekiri kosa jingine.

Kama hujui pa kuanzia, anza na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali kuhusu kaunti yako. Hutolewa hadharani, nayo mara nyingi hutaja miradi iliyokwama kwa majina, pamoja na thamani ya mikataba. Soma pia ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Nashangaa ni wanaharakati wachache mno wanaozifungua, na ilhali humo ndimo mnamopatikana majina ya kuandika kwenye ombi.

Sasa ile barua ya zahanati tuiandike upya:

"Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo: mkataba wa ujenzi wa zahanati ya kijiji fulani pamoja na BQ yake, vyeti vya kamati ya ukaguzi na mapokezi kuhusu mradi huo, na vocha zote za malipo kwa mkandarasi kati ya Julai 2023 na Juni 2024."

Basi. Haina lawama wala historia ya kijiji. Hati zimetajwa, mradi umetajwa, kipindi kimetajwa. Siku utakapokishika kile cheti, nenda ukasimame mbele ya jengo ukisome. Kikisema paa limeezekwa na wewe unaona mbingu, swali la pesa zilikwenda wapi limepata mtu wa kuulizwa, kwa sababu walioweka saini wana majina.

Utaulizwa: "Unazitakia nini?" Kifungu cha 4 cha Sheria ya 2016 kinasema haki yako haipunguzwi na sababu unayotoa, wala na sababu ambayo afisa anadhani unayo. Mimi hushauri sababu isiandikwe kabisa. Ukiandika moja, umempa mtu kitu cha kubishana nacho.

Andika kwa Kiswahili ukitaka. Kifungu cha 8 kinataja Kiingereza na Kiswahili bega kwa bega, lakini bado naona wazee wakitafuta vijana wa kuwaandikia Kiingereza, wakaishia na barua wasiyoielewa wenyewe. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Ofisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini haiwezi kulikataa ombi kwa sababu tu halikujazwa kwenye fomu hiyo. Ada ya kuomba haipo. Unacholipia ni gharama halisi ya kunakili na kukufikishia.

Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri wa tarehe, urudi nayo. Bila muhuri ule huna ombi, una hadithi. Siku huhesabiwa tangu barua ipokewe: afisa ana siku 21 za kuamua, na anaweza kujiongezea 14, mara moja tu, ikiwa hati ni nyingi au anahitaji kushauriana. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kama habari iko ofisi nyingine, ombi lihamishwe ndani ya siku 5, wewe ukijulishwa.

Na wakinyamaza? Kimya kikipita muda huo, sheria inakihesabu kuwa ni kukataliwa. Wengi hawalijui hili, hukaa mwaka mzima wakisubiri majibu. Kukataliwa ndiko kunakokupa ufunguo wa mlango unaofuata. Una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoijua kwa jina la Ombudsman. Tume inaweza kuamuru habari itolewe, na amri hiyo ikisajiliwa Mahakama Kuu hutekelezwa kama hukumu ya mahakama. Msirukie mahakamani kabla ya kupita huko.

Sheria ina vizuizi vyake katika kifungu cha 6: usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za biashara na vinginevyo. Vingine ni vya maana. Sitaki faili la mgonjwa wa Kilifi lisomwe na jirani yake. Lakini kizuizi si neno la kufungia mlango. Faida ya umma ikizidi madhara, habari inaweza kutolewa. Na matokeo ya vipimo vya mazingira yanayofichua hatari kubwa kwa watu hayafichwi kwa kisingizio cha biashara ya mtu. Sisi tunaoujua mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, na sumu ya madini ya risasi iliyowapata watu wake tunajua uzito wa kifungu hicho.

Kesi ya reli ya kisasa, SGR, ndiyo funzo letu kubwa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli hiyo, serikali ikashikilia kwamba kuna masharti ya usiri. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, chini ya Jaji John Mativo, iliamuru mikataba itolewe. Serikali iliyokuwapo haikufanya haraka. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa hadharani sehemu tu ya hati za mkopo wa reli hiyo. Sijui mtaliita ushindi au nusu ya ushindi; mimi naliita nusu. Ila angalieni kilichoombwa: mikataba. Hakuna aliyeuliza serikali inajisikiaje kuhusu deni.

Jambo la mwisho ni la wenzetu wa Kwale na kwingineko penye uchimbaji. Sheria hii haiishii kwa ofisi za serikali. Kampuni binafsi inayotumia fedha za umma, inayotoa huduma ya umma au inayochimba maliasili inaweza kuombwa pia.

Alasiri tutaandika. Kila mmoja achague mradi mmoja wa wadi yake, ataje hati zisizozidi tatu na kipindi, na barua iwe imegongwa muhuri kabla wiki ijayo haijaisha. Atakayeambiwa masijala kwamba hakuna wa kuipokea, aandike jina la aliyemwambia, tarehe na saa, kisha aniletee.