Cherehani ya Kikundi: Nani Ataitengeneza?

Akina mama na akina baba, mkipata cherehani ya kompyuta msikimbilie kuuza ile ya kukanyaga.

Ile Singer ya zamani, ugonjwa wake huonekana kwa macho. Mkanda wa ngozi umelegea? Kateni kipande kidogo, mtoboe tundu, muunge tena kwa kile kipini cha waya. Inapiga kelele? Toeni vumbi na nyuzi chini ya kibati cha sindano, halafu tone la mafuta ya cherehani katika kila tundu. Si mafuta ya kupikia, jamani! Hayo hugandamana, mashine ikakwama.

Ya kompyuta hushona mapambo na vitundu vya vifungo kwa kubonyeza tu, hilo ni kweli. Lakini ndani mna bodi ya umeme. Stima ikipanda ghafla yaweza kuungua, na hapo fundi hana la kunyoosha; ni kununua bodi nyingine, kama bado inauzwa. Basi mkimaliza kazi, ing'oeni kwenye plagi. Mafuta msitie ila kitabu chake kiseme.

Kabla kikundi hakijatoa pesa, muulizeni muuzaji: spea ziko wapi, na fundi ni nani? Akisema Nairobi, hesabuni na nauli.