Nati Ikidondokea Injini, Usiwashe

(Mazungumzo ya fundi wa lori la kijiji mbele ya wanachama wa ushirika, madereva na mautingo. Yamebandikwa hapa kwa faida ya waliokuwa shambani siku ile.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo dogo. Ni dogo kweli, maana linakaa juu ya ukucha: nati, boliti, washa, springi, pini, vile vinavyomponyoka fundi mkononi injini ikiwa wazi. Baadhi yenu mtasema haya ni ya mafundi, sisi wakulima yanatuhusu nini? Yanawahusu sana. Lori ni mali yenu, na zabibu, alizeti na mtama wenu husafiri juu yake. Injini ikifa hasara haiendi kwa fundi peke yake. Inaingia kwenye mfuko wa kila mwanachama.

Wazee wanaikumbuka habari ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga pale. Wakaleta matrekta mengi, na mengi ya hayo yalikuwa mabaki ya vita. Haikupita miezi mingi, sehemu kubwa ikawa imelala. Ardhi ilikuwa ngumu, mizizi ya vichaka ilikuwa migumu, spea hazikutosha, na watu waliofundishwa kuyatunza walikuwa wachache. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya paundi yamekwisha potea. Sisemi kwamba ni nati iliyoua mpango ule. Ukame na mipango mibovu vilifanya kazi yake. Nasema hivi: fedha hununua mashine, lakini haziitunzi. Mashine hutunzwa na mtu anayejali vitu vidogo.

Tuone na mfano wa mbali. Tarehe 25 Julai 2000 ndege ya Concorde ilianguka karibu na Paris, Ufaransa, wakafa watu 113. Uchunguzi wa Wafaransa ulieleza kuwa ndege hiyo ilikanyaga kipande chembamba cha madini kilichodondoka kutoka ndege nyingine iliyotangulia kuruka. Tairi likapasuka, vipande vyake vikapiga tangi la mafuta, moto ukawaka. Katika karakana nyingi za ndege kila spana imechorewa kivuli chake ubaoni. Jioni kivuli kimoja kikibaki wazi, spana hiyo inatafutwa mpaka ionekane.

Sasa turudi kwenye lori letu. Nati ikidondoka inakwenda wapi? Ikiwa umefungua kifuniko cha valvu, kuna matundu ya oili na ya fimbo za valvu, na nati ikipita humo inaweza kushuka mpaka kwenye bakuli la oili chini, ambalo mafundi huliita sampu. Ikiangukia mbele, kwenye gia za taimingi, inaweza kukaa kati ya meno na kuyavunja. Ikiingia njia ya hewa yenye tabo, inakutana na mapanga yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Na pabaya kuliko pote ni ndani ya silinda, kupitia tundu la nozeli au njia ya hewa. Injini ya dizeli hubana hewa mno, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi inayobaki kati yake na kichwa cha silinda ni kama milimita moja tu. Nati ni nene kuliko hapo, na chuma hakibanwi kama hewa. Pistoni itatoboka, au valvu itapinda.

Kwa hiyo likitokea, tufuate mambo haya kwa mpangilio.

Kwanza, sema kwa sauti: "Imedondoka!" Kila mtu aache kazi. Dereva atoe ufunguo ampe fundi, na waya wa betri uchomolewe. Asiwepo mtu wa kusema eti hebu tuzungushe kidogo tusikie. Kuzungusha huko ndiko kunakovunja.

Pili, msitikise lori wala kulisogeza. Kumbuka umesikia sauti gani. Ikilia juu ya chuma mara moja ikanyamaza, huenda imekaa karibu. Ikigonga mara mbili tatu huku inashuka, ifuate kwa tochi. Kioo kidogo cha kunyolea, ukikiinamisha, kitakuonyesha nyuma ya mahali ambapo jicho halifiki.

Tatu, tumia sumaku. Ile ya spika ya redio iliyokufa inafaa; kama ni kubwa mno kwa tundu, gusisha fimbo nyembamba ya chuma kwenye sumaku hiyo, nayo fimbo itavuta. Tatizo ni kwamba kuta za injini nazo ni chuma, na fimbo inang'ang'ania ukuta kabla ya kufika. Ivike mpira mwembamba, ncha tu ibaki wazi. Halafu jueni kuwa sumaku haivuti shaba wala aluminiamu. Washa za chini ya nozeli mara nyingi ni za shaba. Kwa hizo paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, au kunja waya laini uwe kama ndoana. Kabla ya kuanza, jaribu sumaku kwa mwenzake wa kitu kilichopotea. Isipomvuta mwenzake, haitakivuta na chenyewe.

Nne, kama imeshuka kwenye sampu, injini ipoe kwanza. Mwaga oili kwenye chombo safi kupitia kitambaa. Nati kubwa haitoki kwenye tundu la kumwagia, kwa hiyo usikate tamaa ukaona kitambaa kitupu. Fungua sampu yenyewe. Kama lori limeinuliwa, usiingie chini yake kwa kutegemea jeki peke yake. Weka magogo imara, na mawe kwenye matairi. Nati hununuliwa dukani, mtu hanunuliwi.

Tano, kama imeingia silinda na sumaku imeshindwa, kichwa cha silinda kifunguliwe. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na gasketi mpya inatakiwa. Najua inauma. Lakini linganisheni gasketi moja na pistoni, valvu na ringi, na lori lililolala wakati zabibu zinaoza shambani.

Na kama imedondoka nje, mchangani? Hapa akina mama wanatushinda sisi mafundi. Zungushieni mahali pale, asikanyage mtu. Zoeni mchanga wa juu, mchekeche kwa chekeche la unga au mpepete kwa ungo. Ukitumia sumaku, ifunge ndani ya mfuko wa nailoni, maana mchanga wetu una chembe nyeusi za chuma zinazoigandama. Ukiuvua mfuko, chembe zinadondoka zenyewe.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: nati ambayo haijaonekana nje, ihesabiwe iko ndani. Usiseme "labda ilirukia majanini." Labda haipoozi injini.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Tandikeni turubai chini ya lori kabla ya kufungua chochote. Zibeni kila tundu kwa kitambaa safi, na vitambaa navyo vihesabiwe, kwa sababu kitambaa kilichosahaulika huziba njia ya oili. Boliti za kila kifuniko zitiwe kwenye kopo lake, au zichomekwe kwenye kipande cha boksi kwa mpango ule ule zilivyokaa. Nati ya mahali pafinyu itiwe grisi kidogo ndani ya spana ya boksi ili isidondoke. Zilizotoka kumi na mbili zirudi kumi na mbili, na mtu wa pili ahesabu.

Ndugu wanachama, neno langu la mwisho linaihusu kamati. Kijana aliyeponyokwa na nati anaogopa mambo mawili: kugombezwa na kukatwa posho. Akiogopa atanyamaza, atafunga kifuniko, na dereva ataondoka na mzigo wenu. Injini italia njiani, porini, usiku. Waliosema mficha maradhi kilio humuumbua walilijua jambo hili. Naomba basi tupitishe kwa kauli moja: anayesema "nimeangusha" kabla injini haijawashwa asikatwe hata senti, hata kama kazi itachelewa siku mbili. Anayeficha ndiye aitwe mbele ya kamati.

Mtaniuliza, na zabibu zilizokwisha pakiwa? Zishusheni kivulini, tafuteni gari la kukodi. Kukodi kunauma mara moja. Injini iliyovunjika itatuuma msimu huu na unaofuata.

Hapa ukutani, chini ya karatasi hii, nitatundika daftari la hesabu ya nati na kalamu yake. Mwanachama yeyote anayo haki ya kulifungua na kuuliza: zilizotoka ngapi, zilizorudi ngapi? Ulizeni bila haya.