Haki ya Ndugu Katika Safari za Mwisho wa Juma

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wasali baada ya sala ya Ijumaa)

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.). Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa nia njema, lakini namna tunavyolifanya yapasa kuangaliwa upya. Jambo lenyewe ni safari za Jumamosi na Jumapili za kuwatembelea ndugu waishio mbali.

Kwamba kuunga udugu ni wajibu, hilo halina shaka. Mwanzoni mwa Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ameagiza tumche Yeye, na papo hapo akataja jamaa wa damu. Na Mtukufu Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba muunga udugu wa kweli si yule anayelipa ziara kwa ziara, bali ni yule ambaye akikatiwa, yeye huunga. Basi kwenda ni lazima. Swali letu leo ni hili: tukishakwenda, je, ndugu wanaipata haki yao?

Tuchukue mfano wa njia ya kusini, ambayo wengi katika msikiti huu wanaijua. Wazee wetu walipotaka kwenda Kilwa au Lindi kutoka Dar es Salaam, walipofika Rufiji magari yalivushwa kwa kivuko, na masika yalipopamba moto safari ilisimama. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa, lenye urefu wa mita 970, na baadaye sehemu ya vumbi baina ya Ndundu na Somanga nayo ikatiwa lami. Udhuru wa mto ukaondoka. Hii ni neema, na kila neema ina hesabu yake.

Lakini njia ilipokuwa ngumu, aliyefika alikaa. Alilala siku tatu, nne, hata wiki. Akashika jembe pamoja na wenyeji, akasikia habari zote za mji. Siku hizi njia ni nyepesi, nasi tunafika na kuondoka kabla vumbi la viatu halijakauka.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme familia inatoka Mbagala Jumamosi alfajiri. Imekusudia kumwona shangazi Mkuranga, binamu Kibiti, mjomba Ikwiriri, bibi mzaa baba Kilwa Kivinje, kaka mkubwa Lindi, na mgonjwa mmoja njiani wakati wa kurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni yapata kilomita 450. Kwenda na kurudi ni 900. Kwa kuwa vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, tukichukua wastani wa kilomita 60 tutatumia saa 15 barabarani. Mchana wa siku mbili una saa 24. Zinabaki saa tisa. Toa sala, chakula, mafuta na kupumzika, zitabaki saa tano au pungufu kwa nyumba sita. Hata saa moja kwa kila nyumba haipatikani.

Je, katika muda huo bibi atasema nini? Atauliza hali za watoto, atajibiwa kuwa ni wazima. Ataulizwa hali yake, naye kwa adabu za wazee atasema hajambo. Chai itanywewa, picha itapigwa, gari litaondoka. Lakini dawa ya shinikizo la damu imemwishia tangu wiki mbili. Shamba la minazi limeingiliwa na jirani. Mjukuu anayeishi naye ameacha kwenda shule. Maneno hayo mzee hayasemi mbele ya kundi lililokwisha shika funguo za gari. Huyasema usiku baada ya Isha, watoto wamelala, mtu mmoja amebaki naye barazani. Asiyelala hapo hawezi kuyasikia.

Tena tuangalie ni nani wanaorukwa. Mara nyingi tunashuka kwa ndugu mwenye nyumba nzuri, tukampita mjane ambaye kwake hakuna pa kuegesha gari. Tunakwenda upande wa mume kila mara, na wazazi wa mke wanaambiwa safari ijayo. Na yule tuliyekosana naye juu ya mirithi tunampungia mkono dirishani. Huyo ndiye hasa ambaye Mtukufu Mtume (s.a.w.) alituelekeza kwake.

Mwenyeji naye ana haki. Kumfikia mtu ghafla na wageni wanane ni kumtwika mzigo. Kwa kuchunga heshima yake atachinja kuku aliyekuwa akitaga, au atakopa mchele dukani, na deni hilo atalilipa sisi tumekwisha sahau mlo wenyewe. Tutoe taarifa mapema, na tusiende mikono mitupu. Kilo chache za sukari, mchele na sabuni zinatosha kumwondolea fedheha.

Ndugu wapenzi, kuna jambo zito zaidi, nalo ni roho zetu. Baada ya nyumba sita, Jumapili jua linatua dereva angali Somanga, na Jumatatu saa mbili asubuhi anatakiwa kazini. Hapo ndipo mwendo unapoongezwa, macho yanakuwa mazito, na lori lililoharibika bila taa linakuwa limesimama mbele gizani. Mnajua wenyewe misiba tuliyoizika kwa namna hiyo. Barabara nayo haina ahadi. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, njia hiyo hiyo ilikatika na wasafiri wakakwama. Udugu hauungwi kwa kuwapelekea wazee jeneza.

Dini yetu imekwisha tupa mpango. Wasafiri wameagizwa wamteue mmoja wao awe kiongozi. Basi kiongozi huyo ateuliwe kabla gari halijawashwa, awe na mamlaka ya kusema, “Hapa tunalala,” na dereva amtii. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri. Wepesi huo tuutumie kwa kushuka, kutawadha, kusali kwa utulivu na kunyoosha miguu, badala ya kuufanya sababu ya kukimbia zaidi. Tena msafiri ameagizwa, akimaliza haja yake, arejee kwa watu wake. Kwa hiyo Jumapili baada ya kifungua kinywa safari ya kurudi ianze, ili Magharibi itukute nyumbani.

Tunashauri basi kila familia iandike majina ya jamaa zake, wa upande wa mume na wa upande wa mke. Katika kila safari wachaguliwe wawili tu, aanze mgonjwa, mjane, au yule tuliyegombana naye. Nyumba moja iwe ya kulala. Waliobaki wapigiwe simu na kuelezwa zamu yao, na zamu hiyo itimizwe. Kwa wale wa mbali kama Lindi, tungoje likizo za shule za Juni na Desemba, au tuombe ruhusa kazini ya siku mbili zaidi. Atakayefanya hivyo atawaona wachache kwa safari moja, lakini mwaka ukiisha atakuwa amekaa na wote.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waunga udugu, awape afya wazee wetu wanaotungoja, awalinde wasafiri wetu wendapo na warudipo, na awarehemu waliotangulia mbele ya haki wakiwa njiani. Amin.