Hukwe Zawose na Daftari Letu la Hesabu



Kila mwaka sisi wa kamati ya fedha tunapewa dakika kumi za kusoma mapato na matumizi, na kila mwaka tukifika kwenye salio tunaona watu wameinamia simu. Safari hii hesabu zimechapwa kurasa za mwisho za kijitabu hiki, na zimekaguliwa. Mtazisoma wenyewe. Dakika zetu tunaomba kuzitumia kumzungumzia marehemu Hukwe Zawose.

Vijana mliozaliwa huku mjini huenda jina mnalijua na sauti hamuijui. Alizaliwa Ugogo enzi za Mwingereza, kijana wa kuchunga ng'ombe kama baba zetu, akakua na marimba mkononi. Tunasema marimba ili tuelewane. Nyumbani tunaiita ilimba. Ni sanduku la mti lililotobolewa ndani, lenye vyuma vilivyofuliwa vikapangwa juu, vinavyochezwa kwa vidole gumba. Ya kwake ilikuwa kubwa kuliko tulizozoea kuziona kwa wachungaji. Alipiga na zeze pia, akavaa njuga miguuni, na sauti ilimtoka nzito kooni kisha ikapanda ikawa nyembamba kama filimbi, ndani ya pumzi moja. Na nyimbo alizitunga mwenyewe, kwa Kigogo na kwa Kiswahili.

Baada ya uhuru Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam. Tukumbuke hali ya wakati ule: nchi mpya ilikuwa inatafuta sauti yake, na sehemu ya sauti hiyo ikatoka kwa mchunga ng'ombe wa kwetu. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, Hukwe alikuwa miongoni mwa walimu wake. Akahamia pwani, akajenga, akazaa, akafundisha watoto na wapwa. Lakini mwambao haukumgeuza. Aliimba kwa mpangilio wa sauti wa Kigogo hadi mwisho, na waliotaka kupiga naye ndio waliomfuata yeye.

Na walimfuata kweli. Mwaka 1985 santuri yake ya Tanzania Yetu ilitolewa Uingereza. Mwaka 1996 ikaja Chibite, chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Mwaka 2024 binti na mjukuu wake, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Zamani kwetu zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume. Hao mabinti wanavipiga, na hatujasikia mbuga imekauka kwa sababu hiyo.

Sasa turudi kwenye daftari, maana ndiko tunakoona haya.

Sauti ya Hukwe ipo leo kwa sababu kuna watu waliomnasa, wakaandika jina lake kwenye jalada. Sisi Wagogo wa mjini, tunaojisifu naye kwenye harusi, hatukuwa na mkono katika kazi hiyo. Tumepitia vitabu vya chama hiki tangu tulipokabidhiwa. Mwenye turubai amelipwa, stakabadhi ipo. Mwenye viti, stakabadhi ipo. Mshereheshaji, stakabadhi ipo, tena na malipo ya awali. Kina mama wa muheme na wapiga zeze waliotoka nyumbani kwa basi la usiku wameandikwa mstari mmoja: "burudani, soda na chakula". Majina hakuna. Huo mwandiko ni wetu sisi, hatuwezi kumsingizia mtu.

Na kuna mzee mmoja, mpiga zeze, ambaye wengi hapa mmecheza nyimbo zake bila kujua kuwa ni zake. Tuliahidi kumfuata na kinasa sauti. Bajeti ikaahirishwa, kwanza kwa ajili ya bati za zahanati, kisha kwa ajili ya mkutano mkuu. Mwaka jana, mvua zilipokatika, tulikwenda kweli, tulikwenda msibani. Mjane wake alitutolea zeze lile, nyuzi mbili zimekatika, akauliza kama kuna kijana kati yetu anayeweza kulipiga. Hakuwapo.

Kwa wanaouliza nyimbo zina faida gani kifedha: Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kazi za Hukwe zinalindwa hadi 2053. Wimbo wa mzee wetu nao ni mali yake, lakini utathibitisha vipi ikiwa haukunaswa wala kuandikwa popote? Siku akitokea mtu kuurekodi na kuuita wake, tutakwenda baraza gani, na ushahidi gani?

Kwa hiyo kamati imefungua kasma mpya, nje kabisa ya ile ya burudani. Itanunua kinasa sauti kizuri, italipa mafuta ya gari kwa safari tatu nyumbani, itawapa wazee posho kwa kusaini, na itamlipa fundi wa ilimba afundishe shuleni kwetu siku za Jumamosi. Zahanati haiguswi; bati zake zimeshanunuliwa. Fedha hizi ni zile tutakazochanga usiku huu tu.

Bahasha ziko mezani kwenu na stakabadhi zinatolewa mlangoni. Orodha ya wazee watakaofuatwa kwanza imebandikwa pale karibu na jukwaa, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kama mzee wako hayumo, mwandike, na utaje kijiji.