Wasia wa Vyombo vya Nyumbani
Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mmekwisha kusikia hesabu za fedha, na jinsi tulivyowazika wafu wetu na kuwafariji waliofiwa. Limebaki jambo moja lisiloandikwa katika daftari, nalo twaona ni wajibu wetu kulisema mbele yenu, ijapokuwa latuaibisha sisi wenyewe.

Mjane mmoja wa chama hiki, aliyekaa Kawangware miaka mingi, aliugua. Hakuwa na shamba wala nyumba. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja cha mabati, kama walivyo wengi wetu. Mali yake yote ilikuwa ndani ya chumba kile: kitanda na godoro, kabati la vyombo, sufuria, jiko la makaa, redio, sanduku la bati lenye nguo zake, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Tulipokwenda kumjulia hali, aliwaita wanawe wanne akawagawia kwa kinywa chake mbele yetu. Kitanda na kabati alimpa mwana wa kwanza; redio alimpa wa pili; sufuria, jiko na sanduku alimpa binti aliyekwisha olewa; na cherehani akampa kitindamimba, binti aliyekuwa akishona naye sare za shule. Akasema kuwa cherehani ile ndiyo iliyowasomesha watatu, basi sasa imlishe wa nne.

Tuliitikia, tukasali, tukaenda zetu. Kalamu ilikuwa mfukoni na daftari kwapani, wala hatukuandika hata neno moja. Maana tulidhani kuandika wasia kando ya mgonjwa ni kumtabiria mauti.

Mgonjwa alipata nafuu, akaishi miezi mitano, kisha akafariki. Baada ya matanga, mwana wa kwanza alitaka mali yote igawanywe sawasawa. Tulishuhudia tuliyoyasikia, lakini ushahidi wetu haukufaa kitu. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yakubali wasia wa mdomo uliosemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Lakini aliyeusema akiishi kupita miezi mitatu, wasia huo hauna nguvu tena. Na mzazi asiye na mume wala wasia, mali yake hugawanywa sawa kwa watoto wote. Cherehani haigawanyiki. Iliuzwa, na fedha zikafanywa mafungu manne. Yule binti leo ashona kwa cherehani ya mtu mwingine, hulipwa kwa kila nguo.

Hatumlaumu kijana yule, kwa kuwa alidai aliloruhusiwa. Wala hatuilaumu sheria. Usawa huo huo ndio umlindao binti asinyimwe. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu iliyowapa mabinti fungu dogo kwa hoja kwamba huenda wakaolewa. Lawama ni yetu, tuliojua kuandika tusiandike.

Basi, ili jambo hili lisirudi, twawaomba myashike haya.

Kwanza, mwanamke, awe ameolewa au hakuolewa, ana uwezo wa kufanya wasia sawa na mwanamume. Halazimiki kuwa na shamba. Hata sufuria moja aweza kuiandikia mwenyewe.

Pili, wasia wa maandishi hauna kikomo cha miezi mitatu. Mwenye mali atie sahihi yake, au alama ikiwa hakusoma, na mashahidi wasiopungua wawili watie sahihi zao mbele yake. Shahidi asiwe mmoja wa watakaopewa, kwa maana aweza kulipoteza fungu lake. Na mwenye wasia akibadili nia, aweza kuandika mwingine wakati wowote maadamu akili yake ni timamu.

Tatu, mume akifariki bila wasia, akaacha mke mmoja na watoto, vitu vya nyumbani ni vya mjane kabisa. Ndugu wa marehemu wasije na mkokoteni alfajiri. Kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa. Lakini angalieni: sheria haihesabu chombo cha biashara kuwa kitu cha nyumbani. Cherehani ya kushonea nguo za watu ni chombo cha kazi, nayo yahitaji kuandikwa zaidi ya kitanda.

Nne, ndugu zetu Waislamu wa Makina na kwingineko hufuata sheria ya dini yao, na Kadhi ndiye wa kuulizwa. Kwao wasia hauzidi theluthi moja ya mali, wala mrithi haongezewi kwa wasia ila warithi wenzake wakiridhia. Mama atakaye kumpa mwanawe chombo fulani aweza kumpa hiba angali hai, nayo ikabidhiwe mkononi.

Halmashauri yetu imeazimia kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada ya mchana, karani mmoja atakaa na kuwaandikia wanachama wasia bila malipo. Mashahidi watakuwa wanachama wasio jamaa wa mwenye wasia, na karatasi itafungwa katika bahasha na kuwekwa ndani ya sanduku la chama.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, na mali ikapotea tukiitazama. Mama zetu, msingoje kuugua ndipo mseme. Njoni mkiwa wazima. Nasi safari hii tutaandika.